Matundu Yanayopita Bila Salamu

Nitakutegea kwanza, jibu utapata njiani. Nyumba yangu ina dari, ina sakafu, na katikati ina chumba kisicho na mlango wala dirisha. Kila mgeni hupita humo, lakini si kila mgeni anaruhusiwa kusalimia. Ukisema ni kaburi, umekosa. Ukisema ni tumbo, umekosa pia, ingawa hapo umejaribu. Mimi jibu lake lilinichukua siku nne, vikapu viwili ambavyo sikuvimaliza hadi leo, na kofia ya shemeji yangu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi kuliko sisi wenyeji. Bukuru alikuwa akikaa kwangu Nyakisasa. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini hivi, mwembamba, fundi wa redio, na alipewa kibali cha kutoka kambini ili atengeneze simu ya upepo ya zahanati yetu, ile iliyopigwa na radi. Zahanati haikuwa na pa kumlaza, nami nilikuwa mjane mwenye nyumba ya uani tupu.

Watu walivuka mto Ruvubu na magodoro, na masufuria, na mmoja nilimwona kwa macho yangu amebeba mlango, mlango mtupu, nyumba yake haikuja nao. Bukuru yeye alivuka na mabamba matatu ya shaba, membamba kama ganda kavu la mgomba, na mkoba wa mke wake. Mke, Josiane, alipanda mtumbwi wa mbele, mtumbwi ukajaa, mkoba ukabaki kwa mume. Tangu siku hiyo hawakuonana. Ndani ya mkoba mlikuwa na kiatu kimoja cha Jumapili, kitana, na chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Bukuru kila akimaliza kula aliufungua, akahakikisha vyote vitatu vipo, akaufunga.

Jumamosi moja dereva wa lori la mahindi akaleta barua. Bukuru aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akanipa mimi.

Josiane aliandika hivi: niko kambi ya upande wa Biharamulo. Alhamisi saa nne asubuhi nimeruhusiwa kuita kwenye simu ya upepo ya hapa, mara tatu tu, maana tuko foleni. Ijumaa malori yanatuhamisha. Nikikusikia, nitaomba niletwe Ngara. Nisipokusikia, mjomba atanijazia fomu ya ujane na nitakwenda naye anakokwenda.

"Si uende wewe?" nikamwambia.

"Kibali changu kimeandikwa Nyakisasa, Bibi. Cha kwenda Biharamulo kinachukua majuma mawili."

"Mpe dereva majibu."

"Dereva anarudi Jumamosi ijayo."

Basi ikabaki simu ya upepo, nayo ilikuwa imeungua bodi yake ya ndani, na bodi mpya ingetoka Ulaya baada ya miezi mitatu. Bukuru akasema ataitengeneza kwa mkono, kwa yale mabamba matatu. Akakaa kwenye kigoda changu, akachora mchoro kwenye karatasi, matundu mia moja na manne, madogo kama macho ya chawa. Nilikuwa nasuka kikapu pembeni yake, nikamwomba anieleze, maana mtu hawezi kunichorea matundu uani kwangu bila mimi kujua yanakwenda wapi.

"Bamba la juu lina njia za umeme," akasema. "La chini lina njia za umeme. La katikati halina njia, ni shaba tupu. Hilo ndilo ethi. Kila umeme uliomaliza kazi unarudi hapo kupumzika. Bila hilo, redio inaanza kuimba yenyewe badala ya kuongea."

"Na matundu?"

"Ndani ya kila tundu utapita waya, kutoka juu kwenda chini. Sasa lazima upenye lile la katikati. Nyaya nyingine zinatakiwa kulishika. Nyingine zinatakiwa kupita tu, zisiliguse kabisa. Hizo za kupita nazichorea handaki la duara, shaba inaondolewa pande zote. Za kukaa nazo nazichimbia handaki, lakini naacha madaraja manne."

"Kama inakaa, handaki la nini? Si ikae?"

"Ikikaa yote, siwezi kuilehemu. Bamba zima linakunywa joto, lehemu inagoma kuyeyuka."

Nikacheka hadi nikadondosha uruhindu wangu, ile sindano nene ya kusukia. "Kumbe ni mafiga. Chungu ukikiweka juu ya ardhi tupu, moto wako wote utakwenda kupasha wilaya nzima ya Ngara, na maharage hayaivi. Unakiinua juu ya mafiga, kinagusa chini bila kukalia chini."

Bukuru akaacha kuchora. "Hilo mimi nililisomea miaka miwili Bujumbura."

"Mimi niliishia darasa la nne, ila nimepika. Lakini mwanangu, mafiga ni matatu. La nne la nini?"

"Ni manne, Bibi."

"La nne litakaa bure."

"Vitabu vyote vinasema manne."

"Aliyeandika alipikiwa."

Tulibishana hadi uji ukafurika jikoni pembeni yetu, na tone moja likaruka likaangukia mchoro wake. Hilo tone ulikumbuke.

Jumapili homa ikampiga Bukuru. Jumatatu asubuhi alikuwa amejikunja kwenye mkeka ndani ya mablanketi mawili, meno yanagongana, na hapo ndipo alipoingia Telesfori. Telesfori ni mdogo wa marehemu mume wangu, na wakati ule alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alivaa kofia ya nyasi niliyomsukia mwenyewe, na kwapani alikuwa na daftari kubwa.

"Shemeji, kuna agizo kutoka juu. Wote wanaoingia kijijini waandikwe. Wanaokaa upande huu wa ukurasa, wanaopita upande ule."

"Bukuru umeshamwandika mara mbili."

"Sikuja kwa Bukuru." Akaelekeza kalamu kwenye mchoro. "Nimesikia hapa wapo wanaokaa na wanaopita."

"Hayo ni matundu, Telesfori."

"Agizo halikusema watu. Limesema wote."

"Sasa utayaandika majina gani?"

"Sitayapa majina, shemeji, nisije nikachekwa. Nitayapa namba."

Kutoka ndani ya mablanketi Bukuru akasema, "Mwache aandike, Bibi. Mwenye duara tupu anapita. Mwenye duara lenye msalaba anakaa." Kisha usingizi ukamchukua.

Telesfori akakaa akaandika asubuhi nzima. Alikuwa akisema kwa sauti kila anachoandika, kama mtu aliye mahakamani. "Namba moja, mstari wa kwanza, mkazi. Namba mbili, mstari wa kwanza, mpita njia, anatoka juu, anakwenda chini. Sababu ya safari?"

"Umeme," nikasema.

"Sababu ya safari, umeme." Akaandika.

Alipofika namba sabini na saba akasimama. Lile tone la uji lilikuwa limekauka juu yake, ndani ya duara hujui kama pana msalaba au ni tupu. Akaigeuzageuza karatasi juani.

"Huyu hajajieleza."

"Andika anakaa, uende ukale."

"Siwezi kumsingizia mtu ukazi." Akaandika: uchunguzi unaendelea.

Akaondoka na daftari lake, wakazi thelathini na wanane, wapita njia sitini na watano, na mmoja wa uchunguzi.

Sasa kazi iliyobaki ilikuwa kupaka. Shaba unayotaka ibaki unaipaka rangi, isiyopakwa inaliwa na dawa. Mabamba ya juu na chini Bukuru alishayapaka kabla ya homa, kwa ile rangi ya kucha ya Josiane, kwa ncha ya unyoya, tone tone, kama anayempaka mtoto mchanga dawa ya macho. Limebaki la ethi, na mkono wake unatetemeka kama jani. Nikamwambia lete, mimi mkono huu umesuka vikapu miaka hamsini. Akanikabidhi chupa. Akasema, "Taratibu, Bibi. Nilimwahidi sitaigusa."

Nikafuata mchoro. Wale wakazi nikawapaka vizuri, kila mmoja na handaki lake na madaraja yake manne, ingawa moyoni bado nilihesabu matatu. Kisha nikaja kwa wapita njia.

Niseme ukweli wangu. Kwetu sisi, mtu akipita uani bila salamu ni mwizi au mchawi. Na mwenye ua anayemwacha mtu apite bila kumwambia karibu, huyo ni mbaya kuliko wote wawili. Mama yangu alinichapa kwa jambo hilo nikiwa sijaota meno ya pili. Na mwaka uliotangulia watu walipita hapa kwangu siku nne mchana kutwa, na kila mmoja nilimpa neno, na maji, hadi yule wa mlango. Sasa naliangalia lile tundu la kwanza la kupita. Linatoka juu, linakwenda chini, linapenya katikati ya nyumba ya watu, na mimi nilichimbie handaki kulizunguka ili lisiguse hata ukuta?

Nikaliwekea madaraja. Manne, sikubishana tena. La pili nikasema hili liwe na handaki tupu kama alivyotaka mwenyewe, lakini lilikuwa jirani kabisa na lile la kwanza, lingeona. Nikaliwekea. Baada ya hapo sikuona sababu ya kubagua. Rangi ilikwisha kwenye tundu la mwisho, tone la mwisho, nikaona ni baraka.

Dawa ya kuondoa shaba ilikuwa siki ya ndizi, chumvi, na ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ambayo muuguzi wetu Priscila alitupa chupa moja. Bukuru akajikokota, macho mekundu, akatumbukiza, akatoa, akatoboa kwa kekee ndogo. Kisha akabandika mabamba matatu kwa gundi ya maseremala, na ili yasigusane akaweka karatasi katikati. Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu nyumbani. Akaikata vipande viwili, mchoro wake mwenyewe, akaufungia ndani. Juu tukaweka jiwe la kusagia.

Jumanne asubuhi homa ilikuwa imemwachia. Akapitisha nyaya, akalehemu, akachukua kibalbu na betri ya tochi ili ajaribu. Akagusa hapa na hapa, kibalbu kikawaka. Akagusa kule, kikawaka. Kila alipogusa kiliwaka.

"Bibi," akasema polepole, "kila tundu limeshikana na kila tundu."

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Mwenye nyumba amekaribisha wageni mia, na sasa hakuna hata mmoja anayeweza kwenda kwake."

Akakiweka kibalbu chini. "Uliyawekea madaraja yote."

"Niliona yanapita bila salamu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua mkoba, akafungua, akaona kiatu na kitana na chupa tupu, akafunga. "Basi nitaandikwa marehemu," akasema, "na wala siumwi tena."

Maneno yale yaliniingia. Nikamuuliza kama bodi inaweza kubanduliwa. Akasema haiwezi, gundi ya maseremala haina huruma. Nikauliza, tundu likitobolewa upya kwa kekee nene, madaraja yake kule ndani si yatakatika? Akainua kichwa. Yatakatika, akasema, lakini waya ukipita utagusa tena ukingo, tundu litakuwa limekula hadi kwenye shaba. Lazima uvalishwe kitu kisichopitisha umeme, chembamba, chenye uwazi ndani.

Nikamtupia mganda wa nyasi zangu za kusukia. Zina uwazi ndani, kila unyasi ni mrija.

Akauangalia mmoja juani, akachungulia ndani yake. "Lakini yapi, Bibi? Mchoro uko humo humo ndani ya bodi. Nikimtoa mkazi mmoja, nimeharibu."

Ndiyo hivyo nilivyokwenda kwa Telesfori kwa miguu yangu, mimi niliyekuwa nimemcheka, nikamwambia, "Shemeji, njoo na daftari."

Alikuja amevaa koti. Akasimama uani akasoma kama anaita mahudhurio. "Namba mbili, mpita njia."

"Lipo," Bukuru akajibu, akatoboa. Mimi nikakata unyasi, nikavalisha waya, nikasukuma kwa uruhindu.

"Ulimkaribisha kwa amri ya nani?" Telesfori akaniuliza.

"Yangu. Na aliyekaribisha ndiye husindikiza."

Hilo nalo ni la kwetu, na nilikuwa nimelisahau. Kumwambia mgeni karibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtoa hadi njia panda, ukimbebea mzigo. Nikawasindikiza mmoja mmoja, Jumanne yote na Jumatano yote, sitini na watano, kila mmoja na koti lake la nyasi. Vikapu vyangu viwili vilibaki mifupa. Tulipofika sabini na saba Telesfori akaifunika namba kwa kiganja. "Huyu aachwe. Jalada halijafungwa." Tukamwacha, tukidhani mmoja hana neno.

Alhamisi saa nne tulikuwa zahanati, mimi, Bukuru, Telesfori na daftari, na Priscila aliyetufungulia chumba. Bodi ilikuwa ndani ya redio, nyasi zimejitokeza kwa juu kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Bukuru akawasha. Ikakoroma, kisha ikatulia.

"Nyakisasa, Nyakisasa. Naita Bukuru. Ovaa."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, kama anayesoma. Bukuru akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Josiane, hapa Bukuru. Ovaa." Mshale wa redio haukusogea. Akasema tena. Mshale umelala.

"Naita Bukuru. Sisikii. Ovaa." Kisha ikaja sauti ya mtu mwingine, foleni inasonga.

"Inasikia, haisemi," Bukuru akasema. "Kuna mmoja bado amelishika bamba. Mmoja tu."

Wote tukamgeukia Telesfori. Akafungua daftari, akavaa miwani.

"Namba sabini na saba hajahojiwa."

"Telesfori."

"Shemeji, mimi sikatai. Nasema utaratibu. Nikisema anapita, kumbe ni mkazi, nani atajibu?"

Redio ikasema kwa mara ya pili: "Naita Bukuru, fundi. Ovaa." Safari hii haikuwa kavu. Tukasikiliza hadi ikanyamaza. Bukuru alikuwa amekibonyeza kipaza sauti hadi kidole kimekuwa cheupe.

"Mhoji basi," nikamwambia Telesfori. "Mhoji hapa hapa."

Telesfori akainama juu ya redio, akakohoa. "Wewe namba sabini na saba. Unakaa au unapita?"

Redio ikakoroma.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema anakoroma, maana ameshikwa," Bukuru akasema. "Ametoka kwenye kipaza sauti, Mzee. Sasa nakumbuka mstari wake. Anapita."

Telesfori akaandika bila haraka. "Mpita njia. Sababu ya safari, kuongea." Akafunga daftari. "Msindikizeni."

Bukuru akazima, akachomoa waya, akatoboa. Chuma cha kulehemu kilikuwa tayari kwenye jiko la mkaa la Priscila. Nikapapasa mfukoni, nikapapasa kwenye khanga. Nyasi zimekwisha. Mmoja tu uliokuwa ukihitajika, na mwenyewe nilizimaliza kwa kuwafunga wale wengine makoti marefu.

Nikamwangalia Telesfori kichwani.

"Hapana, shemeji."

"Niliisuka mimi."

"Ulinipa."

"Naiazima kwako basi." Nikavuta unyasi mmoja ukingoni mwa kofia. Nikakata, nikavalisha, nikasukuma. Bukuru akalehemu. Kofia yenyewe, ukishavuta unyasi wa ukingo, haina tena cha kuishikilia. Ikaanza kufumuka mzunguko kwa mzunguko, kimya kimya, ikimshukia Telesfori mabegani. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia.

Tukawasha.

"Naita Bukuru. Ni mara ya mwisho. Ovaa."

"Josiane, hapa Bukuru. Ovaa." Mshale ukaruka.

Josiane akarudi hewani. Kisha, kwa uangalifu, "Bukuru ni wengi. Kila pacha wa kwanza ni Bukuru. Wewe ni yupi? Ovaa."

Bukuru akakisogeza kipaza sauti. Mimi nilidhani atataja ndoa, au jina la baba mkwe, au siku ile ya mtumbwi. Akalamba midomo.

"Rangi yako ya kucha imekwisha. Ovaa."

Redio ikavuma, ikavuma. Priscila akaacha kufunga bandeji aliyokuwa anafunga.

"Yote?" Alisahau hata kusema ovaa.

"Yote."

"Ulisema hutaigusa."

"Niliigusa kidogo. Iliyobaki ni Bibi."

"Bibi gani?" Ikavuma tena, na ndani ya mvumo ule nikasikia mtu anacheka na kupenga kamasi kwa pamoja. "Usitoke hapo ulipo. Mjomba, chana hiyo fomu. Nakuja na lori la Ngara, na utanieleza moja moja. Ovaa."

Bukuru aliweka paji la uso juu ya redio, juu ya zile nyasi, na sisi tukaangalia pembeni.

Telesfori alishafungua ukurasa mpya. Alikuwa hana kofia tena, ana shada tu shingoni, na kalamu iko tayari.

"Huyo anayekuja, shemeji," akaniuliza. "Anakaa au anapita?"

"Ngoja kwanza atoe salamu," nikamwambia, nikaenda kutafuta nyasi nyingine.